Kanali Besigye na muungano uliovunjika pale pale kila mara

Dkt. Kizza Besigye, kanali mstaafu wa jeshi la Uganda, amegombea urais mara nne dhidi ya Yoweri Museveni. Kwa matokeo rasmi alipata asilimia 27.8 mwaka 2001, 37.4 mwaka 2006, 26.0 mwaka 2011 na 35.6 mwaka 2016. Matokeo hayo yote yalipingwa na yeye mwenyewe, na mara mbili Mahakama ya Juu ilikiri kwamba sheria ilikiukwa. Hata hivyo namba hizo zina jambo la kutufundisha. Mwaka 2011 ndipo aliposimama akiwa na muungano wa vyama uliosainiwa rasmi, na ndipo alipopata kura chache kuliko wakati wowote. Mwaka 2016 muungano wa upinzani ulimpa mgombea mwingine baraka zake, na Besigye bila muungano huo akapanda karibu asilimia kumi.

Kwa hiyo swali la kisa hiki ni hili: afisa wa jeshi anapovua magwanda na kuingia siasa, nguvu yake inatoka wapi, na kwa nini vyama vinavyomzunguka havishikamani?

Tuanze na mtu mwenyewe. Besigye alizaliwa mwaka 1956 Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, akahitimu udaktari Makerere mwaka 1980. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo ulizua mgogoro, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Besigye, baada ya kufanya kazi ya udaktari Nairobi, alijiunga na NRA, wapiganaji wa Museveni, mwaka 1982 na kuwa daktari wa Museveni. NRA ilipoiteka Kampala tarehe 26 Januari 1986, alikuwa na miaka 29. Alipewa uwaziri mdogo wa mambo ya ndani, kisha akawa kamisaa wa siasa wa kitaifa, yaani mtu aliyekabidhiwa kazi ya kufundisha nchi nzima itikadi ya Movement, vuguvugu tawala la Museveni. Mwaka 1991 alipelekwa Masaka kuongoza kikosi cha magari ya deraya, na mwaka 1993 akawa mkuu wa vifaa na uhandisi jeshini.

Orodha hiyo ina uzito wake. Mkosoaji wa nje akisema jeshi lina ufisadi, serikali humjibu kwamba hajui anachosema. Mtu aliyesimamia idara ya vifaa hawezi kujibiwa hivyo. Na mtu aliyewafundisha makada maana ya Movement anaposema Movement imepotoka, makada wanasikiliza hata kama hawatapiga makofi. Upande wa watawala nao wana msemo wao wa kumtazama mtu kama huyo: kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku ya kwanza hawakumhesabu kama mpinzani wa kawaida wa kura. Walimhesabu kama komredi aliyegeuka, na kila hatua waliyomchukulia baadaye inaeleweka ukilijua hilo.

Mlango wa kutokea jeshini

Nyufa zilionekana kwenye Bunge la Katiba la 1994 na 1995, ambako Besigye alikuwa mmoja wa wajumbe kumi wa jeshi. Alipinga kurefushwa kwa mfumo wa siasa bila vyama, ambao mwanzoni ulielezwa kuwa wa mpito tu. Hakuwa peke yake mwenye manung'uniko, lakini mwanajeshi mwenye maoni tofauti na serikali hukutana kwanza na ukuta wa sheria: Katiba ya 1995, ibara ya 208, inalitaka jeshi lisifungamane na chama chochote. Asiyetoka rasmi hawezi kugombea.

Na kutoka si kuandika barua tu. Meja Jenerali David Tinyefuza, ambaye baadaye alijiita Sejusa, alilijaribu hilo kabla ya Besigye. Mwishoni mwa 1996 alitoa ushahidi mkali mbele ya kamati ya Bunge kuhusu vita vya kaskazini, akaona hatua za kijeshi zinamjia, akaandika barua ya kujiuzulu. Mahakama ya Katiba ilimpa haki mwaka 1997. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo: kanuni za utumishi wa maafisa zinataka ombi lipelekwe kwenye bodi husika, bodi ikubali, ndipo afisa awe ametoka. Mpaka hapo, barua ni karatasi na afisa ni afisa. Tafsiri yake kwa mwanajeshi mwenye ndoto za siasa ni kwamba ufunguo wa mlango uko mfukoni mwa yule anayetaka kumpinga.

Besigye hakufuata utaratibu wa kuomba kwanza na kusema baadaye. Novemba 1999, akiwa bado kanali kazini, aliandika waraka mrefu ukichambua jinsi Movement ilivyoupoteza msingi wake mpana, na waraka huo ukachapishwa magazetini. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Movement imetumiwa na wenye kutaka kubaki madarakani kama vile vyama vilivyotumiwa zamani. Jibu la jeshi lilikuwa tishio la kumfikisha mahakama ya kijeshi kwa kutumia jukwaa lisilo sahihi. Mazungumzo yaliyowahusisha wazee wa Rukungiri yalimaliza shauri hilo kabla halijaanza, na mwaka 2000 akaruhusiwa kustaafu.

Kwa maoni yetu, ule mpangilio uliokuwa kinyume cha kanuni ndio uliomsaidia. Angeomba kustaafu kimya kimya, ombi lingeweza kukaa mezani miaka. Waraka ulipokuwa mikononi mwa umma, kumshitaki kungemfanya shujaa, na kumwachia kulionekana nafuu. Gharama yake ni kwamba alitoka bila kuwapanga wenzake. Hakukuwa na kundi la maafisa lililotoka naye siku moja. Kila mmoja alikuja baadaye kwa njia yake, kwa sababu zake, na akiwa na deni lake kwa watu tofauti.

2001: kampeni bila chama

Katiba wakati huo, kupitia ibara ya 269, ilivizuia vyama kufanya kampeni. Kila mgombea alisimama kwa sifa zake binafsi. Besigye alitangaza nia mwishoni mwa 2000 na kuunda kikosi kazi cha kampeni badala ya chama. Nyuma yake walikusanyika watu wa aina tatu: wana-Movement waliokata tamaa, wafuasi wa vyama vya zamani vya DP na UPC waliokosa pa kwenda, na wananchi wa kaskazini waliochoshwa na vita vya waasi wa LRA na maisha ya kambini. Waliunganishwa na jina moja tu, wakati mambo waliyoyataka yalikuwa mbalimbali. Mwana-Movement alitaka Movement irekebishwe, mtu wa UPC alitaka ife, na mkazi wa kambi ya Gulu alitaka arudi shambani kwake.

Machi 2001 Museveni alitangazwa mshindi kwa asilimia 69.3. Besigye akaenda Mahakama ya Juu. Majaji wote watano waliona sheria ilikiukwa, lakini watatu dhidi ya wawili wakasema haikuthibitika kwamba ukiukaji uliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Kipimo hicho cha kiasi kikubwa ndicho kilichoizamisha kesi ya 2006 pia, kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Ugumu wake ni wa muda. Wakati huo mlalamikaji alikuwa na siku 10 tu za kufungua shauri tangu matokeo yatangazwe, na mahakama siku 30 za kuamua. Kuthibitisha athari ya kihesabu kunahitaji nakala ya fomu ya matokeo ya kila kituo, iliyosainiwa na wakala wako. Mtu asiye na chama hana mawakala wa kutosha. Asiye na mawakala hana fomu, na asiye na fomu huenda mahakamani na viapo vya mashahidi walioona vurugu. Viapo vinathibitisha vurugu. Haviwezi kuthibitisha hesabu.

Agosti 2001 Besigye alikimbia nchi, serikali ikimhusisha na kundi la waasi lililoitwa PRA, jambo alilolikana. Alikaa uhamishoni miaka minne, kwa muda mrefu Afrika Kusini.

Chama kinazaliwa, mgombea yuko Luzira

Wakati hayupo, mambo mawili yaliwasukuma wengine kuelekea upande wake. Mwaka 2003 vikao vya Movement vilianza kuzungumzia kuondoa ukomo wa mihula miwili ya urais, na vigogo kama Eriya Kategaya na Miria Matembe, waliopinga, wakaachwa nje ya baraza la mawaziri. Ukomo ulifutwa mwaka 2005, mwaka ule ule ambapo kura ya maoni ya Julai ilirudisha vyama vingi. Desemba 2004 makundi matatu yalikuwa yameungana kuwa chama cha FDC: Reform Agenda ya watu wa Besigye, PAFO ya wabunge, na National Democratic Forum. Ndani yake akaonekana Meja Jenerali Mugisha Muntu, aliyeliongoza jeshi kuanzia 1989 hadi 1998.

Kategaya hakufika mbali na safari hiyo. Mwaka 2006 alirudi serikalini kuwa naibu waziri mkuu na waziri wa masuala ya Afrika Mashariki. Huo ulikuwa mfano wa mapema wa jambo litakalojirudia.

Besigye alirejea tarehe 26 Oktoba 2005 na kupokewa na umati mkubwa. Tarehe 14 Novemba alikamatwa kwa mashitaka ya uhaini na ubakaji. Siku mbili baadaye, Mahakama Kuu Kampala ilipokuwa ikishughulikia dhamana, watu wenye silaha waliovaa nguo nyeusi, waliojulikana kama Black Mamba, waliizingira mahakama. Mahakama ya kijeshi nayo ikamfungulia mashitaka yake ya ugaidi na silaha. Desemba aliteuliwa kuwa mgombea akiwa gereza la Luzira, Januari 2006 akapata dhamana, Machi akaachiwa huru katika kesi ya ubakaji. Kwa hiyo kampeni ya uchaguzi wa tarehe 23 Februari aliifanya kwa wiki saba hivi, akikatiza kati ya mikutano na vizimba vya mahakama. Akapata 37.4. Hakuna mwaka aliofanya vizuri zaidi ya huo.

2008 hadi 2011: kiungo kinapoachia

Agosti 2008 FDC, UPC, JEEMA na CP walisaini makubaliano ya kuunda IPC, ushirikiano wa vyama uliokuwa na lengo la kusimamisha mgombea mmoja wa urais na kugawana majimbo. DP ilibaki nje. Machi 2010 UPC ilimchagua Olara Otunnu, mwanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa aliyekuwa amerudi nyumbani, kuwa rais wa chama. Miezi michache baadaye UPC ikajitoa. Besigye akapeperusha bendera ya IPC iliyobaki. Otunnu akasimama kwa UPC na Norbert Mao kwa DP.

Tukitazama ramani, hasara kubwa ilitoka kaskazini. Mwaka 2006 watu wa Acholi walimpa Besigye kura kwa wingi mno kwa sababu vita vilikuwa havijaisha na walikuwa kambini. Kufikia 2011 LRA ilikuwa imeondoka Uganda, watu wamerudi vijijini, na hasira ya 2006 imepoa. Juu ya hayo, Otunnu na Mao wote ni Waacholi. Kura zao kitaifa zilikuwa chache, asilimia 1.6 na 1.9, kwa hiyo kusema kwamba wao ndio waliomwangusha si kweli. Kilichoanguka ni ile sababu iliyokuwa imewaunganisha watu wa kaskazini na kanali wa kutoka magharibi. Muungano wa viongozi mezani haukuweza kuirudisha.

Tena kuna kosa la muundo ambalo tunaliona halijazungumzwa vya kutosha. Katiba ya Uganda inamtaka rais avuke nusu ya kura, la sivyo kuna duru ya pili. Katika mfumo huo, kazi ya kwanza ya upinzani ni kumzuia aliye madarakani asifike nusu, na hilo lingeweza kufanywa na wagombea watatu wenye nguvu katika maeneo tofauti, wakikubaliana mapema juu ya duru ya pili. Badala yake kila muungano umetumia miezi yake yote kwenye swali la nani awe mgombea mmoja. Swali hilo halina jibu, kwa sababu chama kisicho na mgombea urais hupoteza mtu wa kuwapigia debe wabunge wake. Na wabunge ni riziki ya chama: ruzuku ya serikali kwa vyama hugawanywa kulingana na idadi ya viti bungeni. Chama kidogo kinachomwachia mkubwa bendera kinajikata mapato ya miaka mitano.

Ndiyo maana TDA, muungano wa upinzani wa 2015, ulivunjika pale pale. Safari hii mezani kulikuwa na Besigye na Amama Mbabazi, waziri mkuu wa zamani na katibu mkuu wa zamani wa NRM, chama cha Museveni. Waliomtaka Mbabazi waliamini ataondoka na sehemu ya chama tawala na ya vyombo vya dola. Maelewano yakashindikana, TDA ikamuunga mkono Mbabazi, FDC ikaenda na Besigye. Februari 2016 Mbabazi alipata asilimia 1.4. Mtu wa ndani aliyetoka na cheo lakini bila wafuasi wa mitaani hakuleta chochote.

Maafisa wawili, masomo mawili

Sehemu nzito ya kisa hiki iko kati ya Besigye na Muntu, wanaume wawili waliotoka msitu mmoja wakiwa na imani tofauti kuhusu kazi ya siasa.

Baada ya 2011 Besigye alihamia barabarani. Aprili mwaka huo kampeni ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, kupinga bei za vyakula na mafuta, ilimfanya akamatwe mara kwa mara, na tarehe 28 Aprili polisi walivunja kioo cha gari lake na kummwagia pilipili machoni. Alitibiwa Nairobi. Aliporudi tarehe 12 Mei, siku ambayo Museveni alikuwa akiapishwa, umati uliompokea njia ya Entebbe ulikuwa mkubwa mno. Hoja yake ni kwamba serikali inayodhibiti tume ya uchaguzi na bunduki haiondoki kwa kura peke yake. Kura ni nafasi ya kuwaamsha watu, basi.

Muntu aliyashika mafunzo ya mkuu wa majeshi: jenga safu kwanza. Alimrithi Besigye kama rais wa FDC Novemba 2012 baada ya kumshinda Nandala Mafabi, na akatumia miaka yake kuzunguka wilayani kusimika matawi. Hesabu iko upande wake. Mwaka 2016 vituo vya kupigia kura vilikuwa 28,010. Sheria inamruhusu mgombea mawakala wawili kila kituo, yaani zaidi ya watu 56,000 wanaohitaji chakula, usafiri, simu yenye chaji, na moyo wa kubaki hadi fomu isainiwe. Hata Besigye alilikubali hilo kwa njia yake. FDC ilianzisha P10, vikundi vya watu kumi kumi kwa kila kituo kulinda kura. Lakini vikundi hivyo vilianzishwa karibu na uchaguzi, wakati matawi ya Muntu yalihitaji miaka kumi ambayo wafuasi wenye njaa hawakuwa tayari kuisubiri.

Uchaguzi wa 2016 ulipoisha, Besigye alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake Kasangati wakati siku 10 za kufungua kesi zikihesabika. Aliyekwenda mahakamani ni Mbabazi. Mei 11 video ikasambaa ikimwonyesha Besigye akijiapisha, akakamatwa siku hiyo hiyo, akapelekwa Moroto na kushitakiwa uhaini.

Novemba 2017 msimamo wa Besigye wa siasa za barabarani ulishinda ndani ya chama: Patrick Amuriat alimwangusha Muntu. Septemba 2018 Muntu akaondoka, na mwaka 2019 akazindua chama chake, ANT. Sisi tunaona kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu. Besigye aliweza kuujaza uwanja lakini si kuvijaza vituo, na Muntu alipanga vituo bila kuujaza uwanja. Mwaka 2021, Besigye akiwa hakugombea, Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alichukua asilimia 35 kwa jina la chama chake, NUP. Amuriat wa FDC akapata 3.3 na Muntu 0.7. Kura za Besigye hazikuwa za FDC wala za jeshi. Zilikuwa za watu wanaotaka mabadiliko, na zilihamia kwa aliyeonekana kuyabeba.

Wanaovutwa ndani

Dola haikutegemea virungu tu. Beti Kamya alitoka FDC, akaanzisha chama chake, akagombea urais 2011, na mwaka 2016 akawa waziri wa Kampala. Anita Among, aliyekuwa FDC, akawa Spika wa Bunge kwa NRM mwaka 2022. Mwaka huo huo Mao aliifunga DP kwenye makubaliano ya ushirikiano na NRM na kuwa waziri wa sheria. Ukiwa kiongozi wa chama chenye viti vichache na madeni ya kampeni, mlango wa serikali ni njia fupi.

Julai 2023 ufa ukafika FDC yenyewe. Besigye aliwatuhumu hadharani Amuriat na Mafabi kwamba fedha za uchaguzi wa 2021 zilitoka Ikulu. Wao walikanusha. Chama kikagawanyika pande mbili, makao makuu ya Najjanankumbi upande mmoja, na ofisi ya barabara ya Katonga, chini ya Erias Lukwago, upande wa Besigye.

Tarehe 16 Novemba 2024 Besigye alitekwa Nairobi, alikokwenda kuhudhuria uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, pamoja na mwenzake Obeid Lutale. Siku nne baadaye alionekana mbele ya mahakama ya kijeshi Makindye, Kampala, akishitakiwa kwa silaha na usalama wa taifa. Karua, mwanasheria wa Kenya, akaingia katika jopo la utetezi. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua, katika shauri la Kabaziguruka, kwamba mahakama za kijeshi haziwezi kuwahukumu raia. Besigye, aliyegoma kula akiwa kizuizini, alihamishiwa mahakama ya kiraia Februari kwa shitaka la uhaini. Mei mwaka huo Bunge likapitisha sheria mpya inayorudisha njia ya kuwapeleka baadhi ya raia mbele ya majaji wa kijeshi.

Watu wa Katonga wakasajili chama chao, PFF, mwaka 2025. Wagombea walipoidhinishwa Septemba kwa ajili ya uchaguzi wa Januari 2026, orodha ya wapinzani ilikuwa na Kyagulanyi wa NUP, Mafabi wa FDC na Muntu wa ANT, kila mmoja na bendera yake. Besigye alikuwa Luzira, maombi yake ya dhamana yakiwa yamekataliwa.